Kofia Isilowe
Mvua ikianza kupiga kati ya Masasi na Newala, dereva wa bodaboda hapunguzi mwendo. Anaongeza, eti awahi kabla barabara haijalowa. Tairi kipara, breki anaijua yeye na Mola wake, na nyuma kapakia mshikaki: mama, mtoto na kiroba cha korosho. Mama kafungua mwavuli, umevimba kwa upepo kama tanga la jahazi. Kofia ngumu ipo, tusimsingizie; kaiingiza ndani ya koti, isilowe. Newala kuna Shimo la Mungu, genge linalotazama bonde la Ruvuma. Wageni hufika pale kwa miguu, polepole, wakapiga picha. Sie wenyeji tuna usafiri wa moja kwa moja hadi chini.