Muulize Ta Nshomile: Mjitoleaji, kalamu tatu na suala la senene

Ta Nshomile,
Mimi ni kijana Mkatoliki kutoka Ulaya. Nimekuja kujitolea mwaka mmoja katika parokia moja ya Muleba, nifundishe vijana kuchomelea vyuma. Nimewekwa kwanza Bukoba mjini wiki moja nizoee. Kiswahili nilisoma Makoko, Musoma, miezi minne, lakini hapa nikisalimia najibiwa Kihaya. Sokoni napotea. Kila nyumba nalishwa ndizi mpaka nashindwa kuinama. Leo ni siku ya tano na sijafanya kazi yoyote. Nifanyeje?
Mjitoleaji Aliyepotea, Bukoba

Mwanangu Mjitoleaji, una bahati. Katika mkoa mzima wa Kagera watu wanaoweza kukujibu tulikuwa wawili, na mwenzangu ameshafariki.

Nianze na jambo muhimu, yaani mimi. Nshomile maana yake “nimesoma”. Watanzania wengine hutuita hivyo Wahaya wote kwa utani, wakidai tunajisikia. Mimi natumia jina hili kwa haki, kwa sababu nina vyeti vitatu, na kimoja kimepigwa laminesheni mbele na nyuma. Mvua ya Bukoba unaijua sasa. Cheti hicho kimenyeshewa mara mbili na bado kinasomeka.

Turudi kwako. Wewe si mgeni wa kwanza kuwekwa Bukoba azoee. Emin Pasha, Mjerumani ambaye wazazi wake walimwita Eduard Schnitzer, alifika Novemba 1890, akajenga boma ufukweni, na mji ukaanzia hapo. Hakukaa. Baada ya miezi michache alishika njia, akaishia Kongo, akauawa huko 1892. Sisemi kwamba alikataa ndizi za watu. Nasema tu kwamba mwaka huohuo wa 1892 wamisionari walioitwa Mapadri Weupe walitua Kashozi, kaskazini mwa mji, wakakaa, na Ukatoliki wa huku ukaanzia kwao. Tofauti kati ya wageni hawa wawili naiona mimi kwenye sahani, ingawa wanahistoria hawajaniunga mkono.

Kuhusu lugha, Makoko walikufundisha vizuri, ila walikufundisha lugha ya taifa, na mzee anayetoka kibanjani kwake saa moja asubuhi bado hajaingia kwenye taifa. Huyo mwambie “kasinge waitu”. Ukisahau neno la kwanza, la pili usilisahau. Waitu linalainisha kila kitu. Ukimkanyaga mtu, samahani waitu. Ukikosa chenji, sina waitu. Na ukiulizwa habari za nyumbani usijibu “nzuri” huku miguu inaondoka. Simama. Utaulizwa habari za wazazi, za safari, za ng'ombe wa kwenu. Kama hamna ng'ombe, kubali tu kwamba hawajambo.

Sokoni huwezi kupotea, labda uwe na nia. Mji wetu umelala kati ya ziwa na mwinuko wa mawe. Ukiona maji, hiyo ni mashariki. Ukiona unapanda na kupumua kwa taabu, hiyo ni magharibi. Ukizidiwa, panda bodaboda, lakini nauli mpatane ukiwa bado umesimama chini, kwa sababu ukishakaa nyuma ya dereva bei nayo inakaa vizuri. Dawa yangu kamili, ambayo sijawahi kumpa mtu bure, ni hii: vaa koti, hata jua likiwaka, na uweke kalamu tatu kwenye mfuko wa shati. Si lazima ziwe na wino. Kalamu moja, wewe ni karani. Mbili, mwalimu. Tatu, watu watakupisha njia na kukuuliza lini unarudi chuoni. Mimi huweka nne, lakini kwako itakuwa kiburi.

Sasa nimefika kwenye neno lililoniudhi. Umekuja kufundisha chuma! Kutufundisha sisi! Wahunzi wa mwambao huu wa ziwa walikuwa wanatengeneza chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, katika tanuri za udongo zilizopulizwa kwa mivukuto, hewa ikipashwa moto kabla haijafika motoni. Habari hiyo waliiandika Wamarekani wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, katika jarida la Science mwaka 1978. Babu zangu walikuwa wanaijua bila jarida. Hata hivyo geti langu limekatika bawaba, na ukiwa na nafasi Alhamisi ningependa uliangalie.

Na kama ni imani, fahamu unapokanyaga. Tanzania imepata makardinali watatu. Wawili wametoka kwetu, na wote wawili wanaitwa Rugambwa. Laurean alizaliwa 1912 upande huohuo wa Muleba unakokwenda, na mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa kardinali. Tangu Oktoba 2012 amelala ndani ya kanisa kuu la hapa mjini. Kapige magoti pale kabla hujapanda gari. Protase ni mzaliwa wa Bunena, hapahapa Bukoba, na alipewa ukardinali Septemba 2023. Mimi si Rugambwa, lakini nimewahi kukaa benchi moja na mtu aliyekaa nyuma ya mmoja wao.

Usidhani sijui ugeni. Mimi mwenyewe nimekuwa mjitoleaji katika jiji la ugenini. Kila tarehe 3 Juni mahujaji hufurika Namugongo, nje kidogo ya Kampala, kuwakumbuka mashahidi wa Uganda, wale 22 Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Mwaka mmoja parokia ilitafuta mtu wa kubeba bendera, nami nikajitolea kabla hawajamaliza sentensi. Tulivuka Mutukula asubuhi, jioni tukashuka Kampala, kwenye ile stendi ya zamani ambako haisi nyeupe zimeanikwa kama dagaa. Niliwaambia wenzangu wanifuate, kwa kuwa Kiganda na Kihaya ni ndugu. Na kweli nilielewa kila neno, isipokuwa majina ya mahali. Tukapanda. Baada ya saa mbili na ushei tukajikuta Masaka, yaani mji uleule tuliokuwa tumeupita mchana tukitoka nyumbani.

Wenzangu walisema maneno ambayo hayakuwa ya hija. Niliwaeleza kwamba hujaji wa kweli hupita mahali pamoja mara mbili. Mama mmoja muuza ndizi alituona na bendera yetu, akatuingiza kwake watu saba, akatupikia, akatutandikia mikeka. Hakuuliza tumekuja kufanya kazi gani. Tulimshukuru, hilo halina uzito sana, naendelea. Namugongo tulifika tarehe 4. Wengine walikuwa wamekaa juani siku nzima wakisukumana. Sisi tulipata nafasi tele, na bendera ilionekana vizuri.

Sasa, kazi. Unasema hujafanya kazi siku tano. Je, kahawa umetafuna? Watoto wanaiuza stendi katika vifurushi vidogo: matunda mabichi ya kahawa yaliyochemshwa na majani yenye harufu, kisha yakakaushwa. Usitafute kikombe wala sukari. Ndani ya tunda moja mna mbegu mbili zilizokumbatiana. Zamani watu wawili waliochanjiana walizigawana, kila mmoja akameza mbegu yenye damu ya mwenzake, na tangu hapo mmoja akilia njaa mwingine hana usingizi. Siku hizi damu tumeiacha, tunatafuna tu na kuzungumza. Mzee akikuletea kahawa kwenye kikapu, chukua, kaa, hiyo ndiyo ratiba yako ya siku. Jumapili baada ya misa kutakuwa na mnada wa mavuno yaliyotolewa sadaka, na pale usimpungie mtu yeyote mkono. Najua mgeni mmoja aliyemsalimia katekista akarudi nyumbani na jogoo, mikungu miwili na deni.

Nilitaka pia kukueleza namna ya kumeza ndizi kilo mbili bila kuinama, mbinu niliyoibuni mwenyewe, lakini mhariri anasema zimebaki sentimita chache na kuna mama anasubiri.

Ta Nshomile,
Parokia yetu inaletewa kijana wa Ulaya, fundi wa vyuma. Tumesikia hali nyama. Jumuiya ilishamchagua mbuzi. Tumpe nini?
Mama wa WAWATA, Muleba

Mama, kasinge waitu. Huyo kijana namfahamu, ni mwanafunzi wangu. Mpe senene.

Najua utasema senene ni nyama. Suala hili nililifikisha mbali. Mwaka mmoja senene walianguka mapema, Ijumaa ya Kwaresima, nami nikaenda kwa padri kuuliza: kanisa linatukataza nyama siku hii, samaki linaturuhusu, je, panzi? Padri alifumba macho muda mrefu. Kisha akaniuliza kama wameshatolewa mabawa. Nikamwambia wameshatolewa, wamekaangwa na kitunguu na chumvi. Akasema nimwachie bakuli alitafakari, nirudi Jumatatu. Bakuli nililikuta limeoshwa. Jibu bado nalisubiri.

Zamani wanawake wa Kihaya waliwachambua senene, na wanaume ndio waliokula. Desturi hiyo imekufa, na mimi ni miongoni mwa waliofiwa. Kwa hiyo msimu ukifika Novemba, mle wote, na mgeni mumpe wa kwanza. Mbuzi aachwe hai kwanza. Mimi nitapanda gari la Muleba Jumamosi niangalie kama ushauri umefuatwa, na kama mbuzi bado yupo. Msianze kabla sijafika.