Sifa za Upepo wa Mbisho

Upepo wa mbisho haujapata kushukuriwa na mwendesha baiskeli yeyote, na huo ni utovu wa adabu. Tangu 2003 msafara wa Tour d'Afrique hushuka kutoka Cairo hadi Cape Town, safari ya miezi minne hivi, na washiriki wake husifu kila wanachokiona, piramidi hadi vumbi. Njia inapopitia Moyale na kuingia Dida Galgalu, nyika ya mawe meusi ya volkano kaskazini mwa Marsabit, sifa hukatika ghafla. Nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya zimeacha mlango katikati, na hewa ya kusini mashariki hupenya humo kwa kishindo karibu mwaka mzima. Magharibi mwa Marsabit, upande wa Loiyangalani, imesimamishwa mitambo 365 ya megawati 310 kwa ajili ya upepo huohuo. Taifa zima linauchuma. Mwenye kaptula ya kubana anaulaani.

Angeulaani kidogo kama angejua unavyomtunzia wenzake. Siku ya upepo wa mgongoni msafara husambaratika: wenye miguu imara hutoweka asubuhi, wengine hufuata wawezavyo, na jioni kambini watu husalimiana kama wageni wa harusi. Mbisho hautoi nafasi hiyo. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi yake, hivyo anayejibanza nyuma ya mgongo wa mwenzake huokoa nguvu nyingi mno kuweza kuringa. Basi hujipanga mshazari, maana upepo hutokea kushoto kidogo, wakipokezana zamu ya mbele. Mkanda wa kofia unachapa shavu, makamasi ya anayeongoza yanamfikia wa nyuma yakiwa kamili, naye anayapokea kwa shukrani. Undugu huo haumo katika ada ya safari.

Mtu atasema mlima nao unafundisha ushirikiano. Thubutu! Mlima huwatenga watu kwa uzito wao, kisha huwahonga kwa mteremko. Upepo hauhongi mtu. Pingamizi zito zaidi ni la mandhari: anayefuata gurudumu la mwenzake haoni kitu ila gurudumu. Ni kweli, mpaka zamu yake ifike. Hapo, kwa mwendo ambao mbuzi angeuonea haya, Gof Choba, lile shimo kubwa la volkano kando ya barabara, linamkaa machoni hata asipotaka, na ngamia wa Wagabra wanapata muda wa kutosha kumdharau. Zamani mawe ya barabara ya Moyale ndiyo yaliyomlazimisha mtu apunguze kasi. Lami ilipofika, kazi hiyo ikaachiwa upepo peke yake, nao haujaomba nyongeza ya mshahara.

Wapo pia werevu wanaoshauri safari ianzie Cape Town, ili upepo huu uwasukume kisogoni. Manahodha wa majahazi walikaa miezi wakingoja kaskazi au kusi, wala hakuna aliyewaita wavivu, lakini wao walikuwa na tende na boriti za kuuza. Mwendesha baiskeli huyu hana shehena. Amelipa pesa nyingi ili achoke barani Afrika, na kumwekea upepo mgongoni ni kumpunja mteja mchana kweupe.