Jinsi ya Kuachana na Godoro kwa Heshima

Godoro halizeeki, linabonyea tu. Ukiona limefanya bonde katikati, na usiku mbavu zako zinahesabu chaga moja moja, usikimbilie kusema limekufa. Ligeuze. Mwaka ujao lizungushe, kichwani kuwe miguuni. Ukishamaliza pande zote na bado unaamka umejikunja kama jongoo, hapo ndipo ufuate mwongozo huu, niliouandaa baada ya utafiti wa miaka mingi mtaani kwetu, Dar es Salaam.

Kwanza lipandishe cheo: liite "godoro la wageni". Liegemeze nyuma ya kabati, kwenye ukuta wenye unyevu, lipate harufu inayolistahili. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe; wewe mpe godoro hili usiku wa kwanza, jembe halitahitajika. Wageni wakikoma kuja, lishushe kwa dada wa kazi, ambaye atalilalia kwa kuwa hakuulizwa. Baada ya dada ni zamu ya mbwa, na mbwa ndiye wa kwanza kulikataa waziwazi.

Sasa jaribu gari la taka. Kijana wa gari ataliangalia, atakuangalia na wewe, kisha atataja hela ya soda inayotosha kreti zima. Usimlaumu. Godoro la tano kwa sita, inchi sita, lina futi za ujazo 15 na uzito wa kilo kumi hivi. Karibu lote ni hewa. Unamlipa mtu abebe upepo hadi dampo la Pugu Kinyamwezi. Likifika huko halikubali kuzikwa: tingatinga likilipita juu, linainuka tena. Maganda ya ndizi yataoza, lenyewe litawangoja wajukuu zako.

Njia inayopendwa zaidi hufanyika saa nane usiku, masika yakiwa yamepamba moto. Mwite yule jirani mliyenuniana mlibebe pamoja. Shughuli kama hii hupatanisha watu. Mkifika kwenye mtaro, tupeni. Maji yatalichukua. Unachotakiwa kuamini kwa moyo wote ni kwamba yatalichukua mbali. Kwa bahati mbaya kazi ya sponji ni kunywa maji. Likishiba, vijana wanne hawalinyanyui. Linakwama kwenye kalavati, chupa na matope vinalijengea ukuta, na asubuhi maji ya mtaa mzima yamekaa sebuleni kwako, juu ya kochi. Toka nje kwa hasira, uilaumu serikali. Redio wakikuhoji, sema "sisi wananchi tumechoka". Siku Mto Msimbazi unapofurika pale Jangwani na mabasi yakasimama, rudia maneno yaleyale kwa sauti ya juu zaidi.

Wapo pia wanaopendelea kiberiti. Hapa naomba niache utani kidogo. Sponji ya magodoro ni poliyurethani, zao la petroli, na moshi wake una kaboni monoksidi na sianidi. Usichome, hata kidogo, hata kwa ajili ya kufukuza mbu.

Inabaki njia ya aibu, ndiyo maana wachache huifuata: kulipeleka kwa mtu anayelihitaji. Chana kava. Katikati pamekufa, lakini pembeni, ambako hakuna aliyewahi kulala isipokuwa siku za ugomvi, sponji bado ni nzima. Fundi makochi ataikata iwe mito ya viti au kiti cha bodaboda. Iliyochoka hukatwakatwa chenga za kujazia mito, na viwandani chenga kama hizo huchanganywa na gundi, zikabanwa, likatoka godoro gumu lenye madoadoa ya kila rangi. Kama lina springi, wanunuzi wa vyuma chakavu wanazipima kwa kilo. La sufi ndilo rahisi kuliko yote: bibi zetu walilifumua, wakaanika sufi juani, wakaichambua na kulishona upya, na hakuna aliyewaita wanamazingira.

Huko California, Marekani, ukinunua godoro jipya sheria inakutoza ada ya kuchakata magodoro ya zamani. Sisi tuna fundi mwenye wembe chini ya mwembe, bila sheria yoyote, na tunampita usiku tukielekea mtaroni.

Ukimwendea, mwendee mchana. Lenye kunguni usimpelekee, hata kama anakudai. Lenye ramani za watoto (tuseme ni za watoto) lifue kwanza, ulianike siku tatu za jua kali. Wala usitegemee akulipe bei ya dukani. Akikupa mto mmoja wa kochi, shukuru.

Langu bado liko nyuma ya kabati. Shemeji anakuja Desemba.