Steringi Hafi, Lakini Adui Ndiye Mwenye Sinema

Tangu enzi za kibanda umiza tumeimbishwa kwamba mwenye sinema ni steringi. Steringi hafi. Steringi akipigwa risasi, inampata begani. Haya, sasa mtoe adui kwenye Commando uone kinachobaki: jibaba lenye misuli linabeba gogo, linamlisha paa, linarudi nyumbani kwa binti yake. Nani atalipa kiingilio aone hayo?

Kwa hiyo kamati ya mtu mmoja imekaa, imetafuna karanga, na inatangaza orodha ya sinema na michezo ya zamani kwa kigezo kimoja tu: ubora wa adui. Rufaa zinapokelewa, ila hakimu ni yuleyule.

7. Vitimbi

Kwenye vichekesho hivi vya KBC adui wa kuja hakuhitajika, maana Mzee Ojwang' alifanya kazi zote mbili. Anapanga njama mwenyewe, inamnasa mwenyewe, halafu anabaki kujieleza mbele ya mkewe, Mama Kayai. Na lafudhi ile nzito ya Kijaluo ilikuwa ya Benson Wanjau, Mkikuyu. Hukumu: alijishinda mwenyewe kila wiki, hatuna cha kumwongezea.

6. The Gods Must Be Crazy (1980)

Adui ni chupa tupu ya Coca-Cola. Inatupwa kutoka kwenye ndege, inatua Kalahari, na watu waliokuwa wanaishi kwa amani wanaanza kutoana ngeu, kwa sababu chupa ni moja na wanaoitaka ni wote. Xi, aliyechezwa na N!xau wa Namibia, anafunga safari akaitupe mwisho wa dunia. Haina bunduki, haisemi neno, na bado steringi anatembea mkanda mzima kwa ajili yake. Hukumu: maadui wengine walikufa au walifungwa, huyu mpaka leo yuko kwa Mangi, baridi.

5. First Blood (1982)

Mkuu wa polisi wa mji mdogo hapendi mtu mwenye nywele ndefu apite mjini kwake. Basi, ndiyo ugomvi wenyewe. Mnaomsimulia Rambo kama mchinjaji mnachanganya na zilizofuata: humu anakufa mtu mmoja tu, tena kwa kudondoka kutoka kwenye helikopta, na mwishoni steringi analia. Hukumu: adui wa wastani. Kilio ni cha daraja la kwanza.

4. Commando (1985)

Najua mtataka kuniambia habari za Schwarzenegger kunyanyua kibanda cha simu na mtu akiwa ndani. Nimeiona. Mimi namzungumzia Bennett. Bennett ana bunduki. Binti wa steringi yuko mikononi mwake. Steringi mwenyewe kashajeruhiwa mkono. Mechi imekwisha, refa anatazama saa. Steringi anamchokoza kidogo tu kwamba aitupe bunduki wamalizane kwa visu, na jamaa anaitupa! Mtoto naye anamwachia! Muda si mrefu bomba la chuma limemtoboa kifuani na linafuka mvuke. Na yote hayo kayafanya akiwa na kizibao cha nyavu za chuma juu ya kitambi. Hukumu: bwege, lakini taja adui mwingine wa Schwarzenegger ambaye unakumbuka alivaa nini.

3. Enter the Dragon (1973)

Han ana kisiwa kizima, ana jeshi, na mkono wake wa bandia unavuliwa na kuvalishwa makucha ya chuma kulingana na ratiba ya siku. Ili kumpata, Bruce Lee inabidi avunje chumba kizima cha vioo. Sauti ya Han, kwa taarifa yenu, si ya aliyecheza: Shih Kien alionekana, Keye Luke akamsemea. Sisi tuliolelewa na Lufufu kwa Dar na DJ Afro kwa Nairobi, mtu kusemewa hakutushangazi. Mtazame pia kijana mmoja anayevunjwa shingo kule chini ya ardhi. Ni Jackie Chan. Alikuwa bado hajawa steringi, ndiyo maana alikufa. Hukumu: makucha peke yake yanatosha medali ya shaba.

2. Neria

Hapa utani unapungua. Phineas hana bunduki wala makucha, ana undugu. Kaka yake anafariki, na matanga hayajapoa kashakamata mali ya marehemu, mdomoni anaitaja mila na vidole vinahesabu. Ni filamu ya Zimbabwe ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliyoongozwa na Godwin Mawuru kwa hadithi ya Tsitsi Dangarembga, na Oliver Mtukudzi amecheza humo mbali na kuipigia muziki. Neria hakurusha teke hata moja. Alikwenda mahakamani. Iweke sebuleni siku mashemeji wamejaa, uone nani anaanza ghafla kuisifia chai. Hukumu: Han hutakutana naye. Phineas ana namba yako ya simu.

1. Sholay (1975)

Mlijua. Gabbar Singh kawatuma watu watatu, wamepigwa na wawili, wamerudi mikono mitupu. Anachukua bastola, anafyatua tatu hewani, anazungusha silinda, kisha anawaelekezea vichwani mmoja mmoja. Ta. Ta. Ta. Kavu zote! Anacheka. Wao wanacheka, genge linacheka, kibanda kizima kinacheka. Ndipo anawamaliza wote watatu.

Amjad Khan aliipata nafasi hiyo kwa sababu Danny Denzongpa alikuwa amebanwa na kazi nyingine Afghanistan. Namshukuru aliyepanga ratiba.

Na sasa, wanasheria wa steringi hafi, njooni hapa mbele. Jai, yaani Amitabh Bachchan mzima, na sarafu yake ya pande mbili zinazofanana, anakufa. Mtajitetea kwamba steringi alikuwa mwenzake, Veeru. Bishaneni huko nje. Gabbar je? Mwongozaji Ramesh Sippy alimpiga picha akiuawa, bodi ya ukaguzi ikakataa, ikabidi akabidhiwe polisi. Hukumu: steringi kafa, adui katoka salama, na baadaye akapewa tangazo la biskuti.