Tai 340

"Shikamoo. Hao ni walewale."

Aliyesema hivyo ni mchunga mbuzi wa miaka kumi hivi, Jumanne iliyopita, juu ya kilima cha mawe nje kidogo ya Bariadi. Nami nilikuwa nimeshawapigia simu watu watatu kutangaza tai 340. Nilihesabu kwa maharage: kila tai kumi, harage moja linahama mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Nikamuuliza anajuaje.

"Yule mwenye pengo bawani amepita mara nane."

Tai wa nyika hutoka Urusi na Kazakhstan baridi inapokaribia kule. Ana kilo mbili hadi nne. Angepiga mabawa njia nzima, yangefika manyoya matupu. Kwa hiyo husubiri jua lichome mawe, kwenye saa nne hivi, hewa ya moto ipande kama moshi usioonekana. Huingia humo, akatandaza mabawa, akazunguka, akazunguka, anapandishwa bure. Akifika juu hujiachia, akateleza kilomita kadhaa akishuka taratibu hadi kwenye mnara mwingine wa hewa. Baharini minara hiyo ni haba, ndiyo maana akija huku huvukia penye wembamba, pale Bab-el-Mandeb. (Kozi wa Amur, mwenye gramu 150 tu, huikata Bahari ya Hindi kutoka India kwa mabawa yake. Huyo tumwache, anatutia aibu.) Sasa, tai wakiwa wanazunguka hawahesabiki. Unangoja wafike juu, watoke kwa foleni, unachora mstari kichwani toka mti hadi jiwe, unamhesabu anayeuvuka. Mimi nilikuwa nahesabu wacheza ngoma kila wanapopita mbele yangu.

Siku ya pili sungusungu walitaka kujua darubini inachungulia mji wa nani. Siku ya tatu mbuzi alikula daftari.

Siku ya nne alipanda mzee mmoja, akakaa, akapumua.

"Mwanangu, wewe unamhesabia nani?"

Nikamweleza kwamba tangu 2015 tai huyu amewekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, lazima ijulikane wamebaki wangapi. Akasikiliza vizuri. Kisha akasema tembo walimlalia ekari tatu za mtama, akajaza fomu ya kifuta jasho, na huu ni msimu wa pili anangoja. Hakuna aliyekuja kuhesabu hata bua moja. Ndege wa Kazakhstan ana mtu wake, darubini, daftari na chai kwenye chupa. Nilitaka kutania, utani ukakataa kuja. Najua tai huyu kavukia wapi. Fomu ya mzee iko kwenye droo gani, hakuna anayetumwa kupanda kilima kuitafuta.

Saa saba tai wakatoka kwa foleni. Safari hii nilifuata mstari.

"31," nikasema.

"30," akasema dogo. "Wa mwisho ni mwewe wa hapahapa. Jana alibeba kifaranga cha bibi."