Uainishaji wa Watambuzi wa Miti, Pamoja na Tabia Zao Porini

Wataalamu wameandika mengi juu ya miti, wakamsahau kiumbe anayesimama chini yake, shingo juu, akibishana. Makala hii inaziba pengo hilo. Jenasi inayohusika ni Mtambuzi. Makazi yake makuu ni miombo ya Tabora na Morogoro, ingawa huonekana pia kando ya barabara popote gari linapoharibika.

Spishi iliyoenea kuliko zote ni Mtambuzi majaniensis. Huchuma jani moja na kutangaza jina papo hapo. Hatazami kama majani yamekaa mkabala kwenye tawi au yamepishana. Mbele ya mninga huanguka vibaya zaidi, kwa sababu jani la mninga ni ambatani, na alichoshika ni kijani kimoja tu. Ni sawa na kutambua maiti kwa ukucha. Adui wake wa asili ni Faidherbia albida, mgunga unaomwaga majani wakati wa mvua na kuchipua kiangazi. Akiukuta masika, hutoa hati ya kifo.

Mtambuzi pangarum huamini kwamba mti hausemi mpaka uchanjwe. Mninga humpa kiburi: ukiuchanja, utomvu mwekundu hutiririka kama damu, naye hupaza sauti, "Mninga huu!" Lakini mkurungu, nduguye wa jenasi moja, hutoa damu hiyohiyo, na spishi hii haina hoja ya pili. Tunapendekeza anyang'anywe panga, apewe kisu kidogo. Mchano wa kucha moja unatosha kuonyesha rangi ya ndani, utomvu na harufu. Gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, mti hufa, na kinachobaki kutambuliwa ni kuni.

Mtambuzi mauaticus ni adimu. Hakubali kutoa kauli bila ua, na kisayansi ana haki: Linnaeus mwenyewe, katika kitabu chake cha 1753, alipanga mimea kwa kuhesabu viungo vya maua. Tabu ni ratiba. Mwegea hufungua maua yake ya rangi ya damu ya mzee usiku, kwa ajili ya popo, na asubuhi mengi yako chini. Kwa hiyo spishi hii huhitaji tochi, subira, na mwenzi asiyeuliza maswali.

Mtambuzi dawaensis tumpitie haraka. Ukimwuliza mti gani huu, hujibu: "Huo ni dawa." Ya nini? "Ya tumbo." Hajawahi kukutana na mti usiotibu tumbo. Mtambuzi simuensis naye hutegemea mtandao, na miombo haina haraka ya kuunganishwa.

Mtu angedhani ugomvi huisha jina la kitaalamu likitajwa. La hasha. Mkutano wa wanabotania wa Vienna mwaka 2005 uliamua jina Acacia libaki upande wa Australia, na ule wa Melbourne mwaka 2011 ukakazia. Migunga yetu ikagawanywa, mingi ikawa Vachellia na Senegalia. Haikuitwa kutoa ushahidi. Mpaka leo kuna mabango ya hifadhi yenye jina la zamani, na chini yake hugombana wenye vitabu vya miaka tofauti.

Mwandishi anaona kwamba hakuna spishi hata moja inayofaa ikiwa peke yake. Kusanya tawi lenye majani yake yote, ua na tunda kama vipo, uandike hapohapo rangi na harufu, maana ua likishakaushwa ndani ya gazeti hupoteza vyote viwili. Kisha mtafute mrina asali. Yeye hujua mti upi huchanua mwezi gani, kwa kuwa nyuki wake hula humo. Jina atakalokupa huenda ni la Kinyamwezi, na ng'ambo ya mto wana lingine. Andika yote mawili, na jina la mto pia.