Muulize Shangazi: Vitufe Vimeninunia

Shangazi, shikamoo. Nina ThinkPad ya mtumba yenye Ubuntu, na tumeishi kwa amani hadi Jumapili usiku iliponiomba ruhusa ya kusasisha mfumo, pamoja na kiini chake, keneli. Nikakubali bila kusoma. Jumatatu, katikati ya kikao cha mtandaoni, nikabonyeza F4 kuzima maikrofoni. Taa yake haikuwaka, nami sikujali. Ofisi nzima, mkurugenzi akiwemo, ikamsikia mama mkwe akichambua maharage yangu. Kuongeza sauti, kupunguza, kunyamazisha: vitufe vyote vimenuna. Nimwache huyu Ubuntu?
Niliyesikika, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Pole kwa maharage. Usimwache mtu kabla hujamsikiliza.

Anza na lile la aibu: bonyeza Fn na Esc kwa pamoja. ThinkPad nyingi zina kufuli hapo, na ikigeuzwa kwa bahati mbaya, F4 inabaki kuwa F4 tupu. Kama si hilo, endelea kusoma.

Watu hudhani kitufe cha sauti kimeungwa moja kwa moja na spika. Wapi! Ukibonyeza, chipu ndogo inayosimamia kibodi humpasha keneli habari. Keneli, wakati mwingine kupitia draiva yake iitwayo thinkpad_acpi, huipa habari hiyo namba: 113 kunyamazisha, 114 kupunguza, 115 kuongeza. Namba hupokewa na GNOME, msimamizi wa madirisha na menyu zako, naye ndiye anayemwagiza PipeWire, msimamizi wa sauti, apandishe au ashushe. Ujumbe umepita mikono minne, na lawama zote unakimwagia kitufe.

Hicho cha maikrofoni ndicho chenye kisa. Kwa keneli ni namba 248. X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, huongeza 8 juu ya kila namba na hauwezi kupita 255. Jumlisha mwenyewe. Ndiyo maana kwa miaka mingi kitufe hicho kimesafiri kwa jina la kuazima, F20, ambalo halimo kwenye kibodi yako. Anayesafiri kwa hati ya mwenzake hukwama pale tu utaratibu wa mpakani unapobadilika kidogo.

Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka 1991, ana msimamo mkali kwamba keneli mpya isiharibu kilichokuwa kinafanya kazi kwa mtumiaji. Nampenda kwa hilo. Lakini modeli za laptopu ni nyingi mno, na wapo wanaoumia.

Sasa upelelezi. Washa upya, na nembo ikishatoweka gonga Esc mara moja. Ukizidisha unaangukia kwenye mstari wa amri. Menyu ya GRUB, programu inayoiwasha keneli, ikija, ingia kwenye machaguo ya ziada. Utaikuta keneli ya zamani, maana kwa kawaida Ubuntu haiifuti papo hapo. Ichague. Vitufe vikiamka, mshtakiwa amepatikana. Andika namba za keneli zote mbili (amri ni uname -r), tuma ripoti kwa amri ya ubuntu-bug linux, kisha ishi na ya zamani kwa wiki kadhaa. Usiing'ang'anie milele, kwani marekebisho ya usalama huja na keneli mpya.

Vikiendelea kununa hata huko, sakinisha evtest na uiendeshe kwa sudo. Itakupa orodha ya vifaa: chagua kibodi, bonyeza vitufe, kisha rudia kwa kile kinachoitwa ThinkPad Extra Buttons. Ukiona 115 inatokea, keneli haina kosa. Nenda kwenye mipangilio ya kibodi ya GNOME ukatazame njia za mkato za sauti. Usipoona chochote popote, fungua dmesg, daftari la matukio ya keneli, na utafute mistari inayotaja thinkpad_acpi.

Na hadi hapo, kwenye vikao zima maikrofoni kwa kubofya ndani ya programu yenyewe, na uitazame ikizimika.

Shangazi, shikamoo. Nami vitufe vya sauti vimekufa baada ya kusasisha. Fundi anasema tubadilishe kibodi, ikishindikana apige Windows.
Msikivu, Tanga

Marahaba. Herufi A inaandika? Inaandika. Basi yaelekea kibodi ni nzima. Na huyo anayetaka kupiga Windows kabla hajakuuliza ni keneli ipi ulikuwa nayo juzi, mlipe nauli aende zake.

Shangazi, kwangu mstari wa sauti unapanda na kushuka kwenye skrini bila taabu, ila spika kimya.
Mombasa

Ugonjwa wako ni mwingine, mwanangu. Vitufe vinafanya kazi. Waliolala wako mbele yao. Kwanza angalia kama sauti haijapelekwa kwenye HDMI. Kisha fungua alsamixer: ukiona MM chini ya nguzo, imenyamazishwa; bonyeza M igeuke 00. Na kama mipangilio ya sauti inataja kifaa cha bandia badala ya spika zako, keneli mpya haikuitambua kadi ya sauti. Rudi juu, kwenye habari ya GRUB.

Mnaojiandaa kuniandikia: taja modeli ya laptopu na namba ya keneli, ya zamani na mpya. Barua za "laptopu yangu haisikiki, nifanyeje" zimejaa droo, na sizijibu.